Nimetoka Gisozi na swali moja: mtu wa kawaida anafikaje kumuua jirani anayemjua?

#1 Mgeni wa Ilala (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Mtu aliyeazima jembe lako mwezi wa pili, mwezi wa nne anaingia uani kwako na panga na kuua watoto aliowaona wakizaliwa. Alifikaje hapo?

Nilikwenda Kigali, Rwanda, kikazi nikapata nafasi ya kufika makumbusho ya mauaji ya kimbari pale Gisozi. Wamezikwa hapo zaidi ya watu 250,000. Ghorofa ya juu kuna vyumba vya watoto. Unakuta picha kubwa ya mtoto, halafu kibao: jina, umri, chakula alichokipenda, rafiki yake, na namna alivyouawa. Ukumbi mwingine unaeleza mauaji ya Waherero na Wanama wa Namibia, Waarmenia, Wayahudi, Kambodia na Balkani.

Unyama wenyewe nilikuwa nimeusoma zamani. Kilichonibana ni hesabu. Kuanzia 7 Aprili 1994 hadi katikati ya Julai, siku mia moja hivi, waliuawa watu wanaokadiriwa kuanzia 800,000 hadi zaidi ya milioni moja, Watutsi pamoja na Wahutu waliokataa. Kazi hiyo haikuweza kufanywa na jeshi na wanamgambo wa Interahamwe peke yao. Baadaye mahakama za kijiji za gacaca zilisikiliza mashauri karibu milioni mbili. Hao walikuwa wakulima, walimu, akina mama, vijana wa kijiweni.

Na nina dai, mnipinge mkitaka. Sisi wageni tunalia pale ndani, tunasaini kitabu, tunatoka tukiwa tumejipanga upande wa waliouawa. Hatujiulizi kama tungekuwa upande wa pili. Makumbusho yasiyomlazimisha mgeni ajiulize hivyo yamefanya nusu ya kazi.

Wenye jibu la "ni shetani tu" naomba mje na hoja.

#2 Redio Mbao

Mkuu, jibu ni redio. RTLM, redio ya Wahutu wenye msimamo mkali, ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Muziki mtamu, utani, wasikilizaji wanapiga simu, na katikati ya burudani wanaitwa watu mende. Aprili ikifika yanasomwa majina na mahali walipojificha. Mkulima ana redio ya betri tu, hana gazeti wala mtu wa kumwambia vingine. Ndege ya Rais ilipotunguliwa akitoka Arusha kusaini mkataba, redio hiyo ikawa tayari na jina la mkosaji. Baada ya hapo unategemea nini?

#3 Mwalimu wa Kibondo

Redio Mbao, tarehe zako zimepishana. Mkataba wa Arusha ulisainiwa 4 Agosti 1993. Jioni ya 6 Aprili 1994 Rais Habyarimana wa Rwanda alikuwa anatoka Dar es Salaam, kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za ukanda wetu, walikombana autekeleze mkataba ule. Alipanda naye Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, wakafa wote wawili. Kwa hiyo safari ya mwisho ya ndege ile ilianzia kwetu, na ni wachache tunaolifundisha hilo darasani.

Kuhusu redio, kuna mtafiti wa uchumi aliyelinganisha vijiji vilivyopata mawimbi ya RTLM na vile vilivyozibwa na milima. Makadirio yake, yaliyochapishwa 2014, ni kwamba redio inaeleza kama asilimia 10 ya ukatili uliofanyika. Hiyo asilimia 90 utaiweka wapi?

#4 Redio Mbao

Asilimia kumi ya wauaji wale ni makumi ya maelfu ya watu, Mwalimu, usiipitishe kama chenji. Halafu aliyesikia humhadithia asiyesikia. Redio haina haja ya kufika kila nyumba.

#5 Wakili wa Mtaa

Nakubaliana na Mwalimu kwamba redio haitoshi. Mimi naona utii kwa serikali, na ushahidi wangu ni Butare.

Butare ilikuwa na mkuu wa mkoa Mtutsi, Jean-Baptiste Habyalimana (si yule Rais), pekee nchi nzima. Kwa karibu wiki mbili za mwanzo, wakati Kigali inateketea, mkoa wake ulikuwa umetulia kwa sehemu kubwa, na watu wa mikoa mingine wanakimbilia kwake. Redio ilikuwa ileile. Umaskini uleule. Tarehe 17 Aprili akaondolewa kwenye cheo. Tarehe 19 Rais wa muda, Sindikubwabo, akaenda Butare akahutubia, akawasema wanaojifanya mambo hayawahusu. Baada ya hotuba ile mauaji ya Butare yakawa miongoni mwa makubwa kuliko yote, na Habyalimana naye akauawa. Waziri Pauline Nyiramasuhuko, mwenyeji wa hukohuko, mwaka 2011 akawa mwanamke wa kwanza kuhukumiwa kwa mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa.

Geuza upande wa pili, tarafa ya Giti kule Byumba. Kiongozi wa tarafa alikataa, akawakamata waliotaka kuanza, na Giti inajulikana hadi leo kwa kutokuwa na mauaji yale. Rwanda nao walikuwa na nyumba kumi kama zetu, na kazi za pamoja za lazima, na amri iliyoshuka kutoka juu hadi mlangoni. Mfumo uliojenga barabara ndio uliohesabu nani yuko nyumba ipi.

#6 Kijiwe Senior

Giti waasi wa RPF, waliokuwa wakipigana na serikali, walifika mapema, Wakili. Usimpe kiongozi sifa zote.

#7 Wakili wa Mtaa

Walifika mapema, sawa. Lakini tarafa nyingine zilizofikiwa mapema vilevile watu walikuwa wameshauawa kabla RPF hawajafika. Zile siku chache za mwanzo mtu alisimama mlangoni akasema hapana. Hizo siku huwezi kumnyang'anya.

#8 Mzee wa Ngara

Vijana, nimesoma mpaka hapa nikaona niseme niliyoyaona, maana wengi wenu mnanukuu vitabu.

Mimi ni wa Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 kwenye daraja la Rusumo walivuka watu wanaokadiriwa 250,000 ndani ya saa ishirini na nne. Barabara haikuonekana, ni vichwa tu na magodoro. Chini ya daraja, mtoni, zilikuwa zinapita maiti, na juu yake wanapita walio hai. Waliokuwa juu wengi wao walikuwa Wahutu wanaokimbia RPF. Na katikati yao walikuwamo waliozitupa zile maiti. Mapanga yalirundikwa pale mpakani kama kuni, maana askari wetu walikuwa wanawanyang'anya kabla ya kuingia.

Tuliwapa maji. Tuliwapa na mihogo. Hatukuwauliza. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko mji wowote wa mkoa wetu, na baada ya wiki chache tukajua kwamba viongozi walewale wa tarafa za kule ndio wanaogawa chakula cha msaada. Mmoja wao, Jean-Baptiste Gatete, mashirika yalipotaka kumtoa kambini mwezi Juni, umati ukazuka kumtetea hadi wafanyakazi wakakimbia. Mahakama ya Arusha, ile ya kimataifa ya Rwanda, ilimtia hatiani 2011.

Nimelifikiria miaka mingi. Mwanamke niliyempa maji na mtoto wake mgongoni, alikuwa amefanya nini wiki mbili kabla? Sijui, na sijutii maji. Swali la mleta uzi kwangu si la makumbusho.

#9 Mgeni wa Ilala

Shikamoo mzee. Umenifungua macho. Asante.

#10 Nyuki wa Missenyi

Mzee wa Ngara, zile maiti hazikuishia Rusumo. Zilishuka na Kagera zikapita kwetu Kyaka mpaka ziwani. Upande wa Uganda wamezikwa maelfu, kuna makaburi ya kumbukumbu Kasensero, Lambu na Ggolo. Nyumbani mama alikataa kununua samaki kwa muda mrefu sana, na jirani zetu hivyohivyo, wavuvi wakalia njaa. Sisi watoto tuliambiwa tu samaki ni wabaya. Sababu niliijua nikiwa sekondari.

#11 Ardhi Ndiyo Mama

Mnasahau ardhi. Rwanda ya 1994 ilikuwa na msongamano mkubwa kuliko karibu nchi zote za bara letu, mashamba yamegawanywa mpaka kijana hana pa kujenga, na bila nyumba haoi. Kuna wachumi walioifanyia utafiti tarafa ya Kanama, kaskazini magharibi, kabla na baada ya mauaji. Eneo lile halikuwa na Watutsi wa kutaja, na bado watu wakauawa, kiasi cha asilimia 5 ya wakazi. Wahutu kwa Wahutu! Waliouawa ni wenye mashamba makubwa, wenye migogoro ya mirathi, na vijana wakorofi. Hapo ukabila unaingilia wapi? Mtu alipewa ruhusa ya kuua, akachagua mwenye shamba analolitamani.

#12 Mwalimu wa Kibondo

Hoja nzito, lakini Kanama ni Kanama. Nchi nzima mtoto mchanga wa Kitutsi aliuawa, na mtoto mchanga hana shamba. Bibi kizee ombaomba aliuawa. Tamaa ya ardhi inakueleza kwa nini fulani alikubali haraka. Haikuelezi kwa nini orodha iliandikwa kwa kabila, kutoka kwenye kitambulisho ambacho Wabelgiji walikianzisha miaka ya 1930 na serikali huru ikaendelea nacho mpaka 1994.

Na msiisahau vita. RPF waliingia 1 Oktoba 1990, na mapigano ya mwanzo wa 1993 yaliwahamisha mamia ya maelfu kaskazini. Oktoba mwaka huo Rais Ndadaye akauawa Burundi na wakimbizi wakamiminika Rwanda. Mtafiti mmoja Mmarekani aliwahoji wafungwa 210 waliohukumiwa na kukiri. Wengi hawakuanza na chuki. Walieleza hofu ya vita, na kushinikizwa na wanaume wenzao: njoo nasi au wewe ni msaliti.

#13 Redio Mbao

Na hiyo hofu nani aliipalilia kama si redio? Mnanirudisha kwangu.

#14 Dada Neema wa Kwaya

Mleta uzi ametutaka wenye jibu la shetani tulete hoja. Mimi ni mtu wa kanisa na hoja yangu inaniumiza mwenyewe.

Rwanda ilikuwa nchi ya Wakristo karibu wote. Watu walikimbilia makanisa ya Nyamata, Ntarama, Nyange, kwa sababu miaka ya nyuma aliyefika kanisani alisalimika. Safari hii wakafuatwa humohumo. Nyange kanisa liliangushwa kwa tingatinga na watu wakiwa ndani, na padri wa parokia, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha kwenye rufaa mwaka 2008. Papa Francis aliomba msamaha 2017 kwa dhambi za kanisa na watu wake. Kwa hiyo nikisema shetani simaanishi kumwondolea mtu hatia. Namaanisha nahitaji jina la kitu kinachomfanya mtu apige ishara ya msalaba kisha aue. Redio na ardhi havinitoshi.

Na hapohapo Nyange, 18 Machi 1997, wavamizi waliingia shule ya sekondari wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi kule. Wale watoto walikataa. Wakasema sisi sote ni Wanyarwanda. Wakapigwa risasi, wengine wakafa. Mahali palepale pa tingatinga, miaka mitatu tu baadaye. Nani anaweza kunieleza hilo?

#15 Bint Shangani

Nakuunga mkono dada Neema, na nakuongezea upande wetu. Waislamu wa Rwanda walikuwa wachache, wengi wakikaa Biryogo na Nyamirambo, mitaa ya Waswahili, na wanasifiwa mpaka leo kwa kuficha watu. Msikiti wa Mabare ulishambuliwa kwa sababu waliokimbilia humo walilindwa. Baada ya vita wengi walisilimu kwa kuyaona hayo.

Na yupo Bibi Zura Karuhimbi wa Ruhango, mganga, aliyefariki 2018. Aliwaficha zaidi ya watu mia moja kijumbani kwake. Silaha hana. Alijipaka dawa inayowasha, akawaambia wauaji mkiingia humu mnajiitia ghadhabu ya mizimu, akatikisa bangili zake wakakimbia. Utii mnaousema hapa juu haukumshika.

#16 Kijiwe Senior

Bint Shangani, Waislamu walifanya makubwa, ila Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililochapisha zile "amri kumi" za chuki dhidi ya Watutsi mwaka 1990, alikuwa Muislamu. Arusha walimhukumu maisha 2003, rufaa ikapunguza mpaka miaka 35. Tusigawe wema kwa dini.

#17 Bint Shangani

Hakuna aliyegawa, kaka. Nimewasifu waliostahiki. Wewe kila mtu akisifiwa lazima umtafutie doa, Giti ulifanya hivyohivyo.

#18 Eldy254

Niaje wadau. Mimi ni wa Eldoret. Mgeni ameuliza kama tungekuwa upande ule mwingine, na kwetu hilo si swali la kukisia.

Januari 2008, baada ya uchaguzi, tulichoma. Nasema tulichoma kwa sababu vijana wa mtaa wetu walikuwa kwa barabara na mimi nilikuwa kati yao na jiwe mkononi, miaka kumi na saba. Asubuhi ya 1 Januari kanisa la Kiambaa lilichomwa na akina mama na watoto ndani. Sikuwa Kiambaa. Lakini usiku ule kwetu wazee walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza ni kijana gani hajatoka. Hukuwa na nafasi ya kulala. Yule mfungwa wa Mwalimu anayesema alishinikizwa namwelewa kabisa, na bado naamini alipaswa kufungwa.

Nchi nzima walikufa zaidi ya 1,100. Vituo vya lugha za mama vilikuwa vinachochea, huyo Redio Mbao asidhani ni Rwanda pekee. Kesi za The Hague ziliporomoka zote kufikia 2016. Kwetu hakuna Gisozi. Jirani niliyesaidia kumfukuza alirudi 2010, tunasalimiana, hatujawahi kuongea juu yake.

#19 Mgeni wa Ilala

Eldy, huu ndio ujumbe niliokuwa nautafuta nilipoandika uzi. Nikuulize: kuna kitu ambacho mtu angekuambia usiku ule ungebaki ndani?

#20 Eldy254

Kama mzee mmoja tu kati ya wale angesema mwacheni mtoto alale, ningelala. Mmoja tu.

#21 Mtoto wa Goma

Jambo yenu wote. Siye huku Goma tunasoma uzi huu na tumbo moto. Munalilia wafu wa 1994 na muko na haki, ile ni genocide ya kweli na mwenye kuikana ni mwongo. Lakini kisha Rwanda vita iliingia kwetu 1996 na haijatoka. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 iliandika matukio 617 ya kati ya 1993 na 2003, na ilisema mashambulizi fulani juu ya wakimbizi wa Kihutu mu Kongo yanaweza kuitwa genocide kama yakithibitishwa mbele ya mahakama. Mahakama hiyo iko wapi? Kigali walikataa ripoti, na Kinshasa wenyewe hawakukimbia kuunda mahakama. Baba yangu alizika watu Tingi-Tingi, kambi ya wakimbizi. Hakuna kibao, hakuna chakula walichopenda.

#22 Kijiwe Senior

Uzi ni wa Gisozi. Ukichanganya Kongo unaingia kwenye ule wimbo wa "mauaji mawili" unaotumiwa na wanaokana. Rwanda ina sheria dhidi yake, na kwa sababu nzuri.

#23 Wakili wa Mtaa

Kijiwe, twende taratibu. Kudai kwamba 1994 kulikuwa na pande mbili zilizolingana ni kukana, na mahakama ya Arusha mwaka 2006 ilisema mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ni jambo lisilohitaji tena kuthibitishwa. Mtoto wa Goma hajadai hivyo, tena ameanza kwa kusema mwenye kukana ni mwongo. Anaulizia marehemu wengine, mahali pengine, mwaka mwingine. Haki ya binadamu haigawiwi kwa foleni kwamba huyu asubiri mpaka yule amalize kuliliwa. Na sheria hiyo unayoisifu, mashirika ya haki za binadamu yameilalamikia kwamba maneno yake ni mapana mno. Unaweza kuiheshimu sababu yake na bado ukaipima.

#24 Kijiwe Senior

Naiheshimu hoja. Ila aliyenusurika Nyamata akisikia "na Kongo je?" kabla hajamaliza kusimulia, anasikia nini? Hilo hamjanijibu.

#25 Mtoto wa Goma

Atasikia vibaya, mukubwa. Na mama wa Tingi-Tingi akisikia "si uzi wako" naye atasikia vibaya.

#26 Buyenzi Kati

Amahoro. Bujumbura hapa. Nyinyi wote mnazungumzia mahali penye makumbusho au ripoti. Sisi 1972 serikali iliwachukua Wahutu waliosoma, walimu, wanafunzi, makarani, hata watoto wa sekondari wakitolewa darasani kwa orodha. Babu yangu alikuwa karani, alipanda lori akiwa na kalamu mfukoni. Walioweza walivuka Tanzania, ndio wale wa Katumba, Ulyankulu na Mishamo. Kisha 1993 Ndadaye akauawa na safari hii Watutsi wakachinjwa vijijini, halafu jeshi likalipiza kwa Wahutu. Familia nyingi kwetu zina marehemu wa pande zote mbili. Mkiniuliza kwa nini watu waliua, naona ni kwa sababu wa mara ya kwanza hakuadhibiwa. Rwanda nao walikuwa wameua 1959, 1963, 1973, na nani alifungwa?

#27 Nesi Mstaafu

Buyenzi umesema. Naomba kurudi kwenye makumbusho kidogo, maana mimi nilifika Nyamata na Murambi. Nyamata nguo za marehemu zimewekwa juu ya mabenchi, mafuvu yako kwenye rafu. Murambi miili ilihifadhiwa kwa chokaa, unaona mkono umeinuliwa. Nimevisha maiti wodini miaka mingi na nilitoka pale nikitetemeka. Yule si ndugu wa mtu? Kwetu maiti husitiriwa.

#28 Dada Neema wa Kwaya

Nesi, wapo walionusurika wanaotaka mifupa ibaki, kwa sababu bila hiyo kuna atakayesema hakuna kilichotokea. Na wapo wanaosema mama yangu si ushahidi, mrudisheni udongoni. Kama wenye wafu wenyewe hawajakubaliana, mimi mgeni mwenye kamera nitoe hukumu gani?

#29 Nesi Mstaafu

Angalau kamera aiache kwenye gari.

#30 Jirani wa Kisongo

Nimefika nimechelewa. Watu wa Arusha tuliishi na jambo hili miaka ishirini. Mahakama iliundwa 8 Novemba 1994, na Rwanda, iliyokuwa na kiti Baraza la Usalama mwaka ule, ilipiga kura ya hapana, mojawapo ya sababu ikiwa hakuna hukumu ya kifo. Ikafungwa mwisho wa 2015. Nilipokuwa kijana nilikwenda AICC, jengo la mikutano ilimokaa mahakama, kukaa kwenye viti vya wasikilizaji, bure, unapewa vifaa vya masikioni, unatazama kupitia kioo. Nilimtegemea mtu wa kutisha. Nikaona wazee wenye suti wanaandika kwenye daftari na kurekebisha miwani. Meya wa Taba, Jean-Paul Akayesu, alihukumiwa 2 Septemba 1998, mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa hili, na ni hukumu hiyo iliyotamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari. Siku za mwanzo mwenyewe alikuwa amewazuia wauaji. Kisha akabadilika. Wakili atuambie huyo anaingia kwenye nadharia ipi.

Lakini kinachonisumbua ni wale walioachiwa. Walishtakiwa 93. Wako waliokutwa hawana hatia, na waliomaliza vifungo, wakabaki Arusha kwenye nyumba ya ulinzi miaka na miaka kwa sababu hakuna nchi inayowataka na kwao wanaogopa. Desemba 2021 wanane walipelekwa Niger, na kabla hawajatulia Niger ikaamuru waondoke. Mtu huna hatia na huna pa kuishi. Tunasema haki za binadamu ni za wote. Hao?

#31 Mzee wa Ngara

Hapo umegusa, Jirani, na sisi tuna letu. Desemba 1996 serikali yetu iliwaambia wakimbizi wa Rwanda wote warudi kabla ya mwaka kwisha. Karibu nusu milioni. Waliojaribu kukimbilia ndani ya nchi walirudishwa barabarani. Mimi nilifurahi, misitu ilikuwa imekwisha, ujambazi umezidi. Walirudi waliohitaji kurudi na walirudishwa wasiotaka, na hakuna aliyewachambua mmoja mmoja. Nilipofurahi sikuwaza hilo.

#32 Mngoni wa Mfaranyaki

Mmezunguka Kigali, Goma, Bujumbura, Eldoret. Songea je? Tuna Makumbusho ya Majimaji na wengi humu hamjakanyaga. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mashujaa 67 na kuwafukia kaburi moja. Nduna (jemadari) Songea Mbano alinyongwa baadaye, na wazee wanasema kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Rais Steinmeier alikuja pale 1 Novemba 2023 akaomba radhi. Vita ile ya 1905 hadi 1907 inakadiriwa kuua mpaka watu 300,000, wengi kwa njaa iliyotengenezwa: mashamba yalichomwa, maghala yakachomwa. Mbona ukumbi ule wa Gisozi unawataja Waherero na hautaji Wamatumbi na Wangoni?

#33 Wakili wa Mtaa

Kwa sababu ya nia, Mngoni. Mkataba wa 9 Desemba 1948 hauhesabu maiti, unatafuta nia ya kuangamiza kundi la taifa, kabila, rangi au dini, lote au sehemu. Srebrenica waliuawa kama 8,000 na mahakama zikasema ni mauaji ya kimbari. Kwa Waherero ipo amri ya Jenerali von Trotha wa Ujerumani ya Oktoba 1904, imeandikwa. Majimaji wanahistoria wengi wanaona Mjerumani alitaka watu watii, hakutaka waishe.

#34 Mngoni wa Mfaranyaki

Ofisa wao mmoja aliandika kwamba ni njaa tu itakayowafanya watu wale wasalimu amri. Ukiwachomea chakula watu wa kusini nzima ukijua watoto watakufa, hiyo nia unaitaka iandikwe kwa wino gani? Sheria yenyewe iliandikwa na wenye makoloni wakiwa wamekaa mezani.

#35 Mwalimu wa Kibondo

Wote wawili endeleeni, nafaidika. Niongeze tu kwamba Gavana wa vita ile, von Götzen, ndiye Mzungu aliyeivuka Rwanda 1894 na kufika kwa Mwami Rwabugiri. Na katika mafuvu 1,135 yaliyochunguzwa na makumbusho za Berlin, matokeo yakatangazwa 2023, zaidi ya 900 yalitambuliwa kuwa ya Rwanda na kama 200 ya Tanzania. Yaliwekwa makabatini. Nesi, hayo nayo hayajasitiriwa.

Mngoni, nina kidato cha nne wanaosubiri safari ya masomo na nilikuwa nimeomba bajeti ya Kigali. Nikiibadilisha kuwa Songea, nije lini?

#36 Mngoni wa Mfaranyaki

Njoo wiki ya 27 Februari, Mwalimu, familia za walionyongwa hukusanyika. Watoto waje na maswali yao, wasiishie kusoma vibao. Wakili naye aje, ampe mjukuu wa Nduna hoja yake ya nia ana kwa ana.

#37 Wakili wa Mtaa

Nitakuja. Nitakuja na nakala ya mkataba na nitamsikiliza yeye kwanza. Jirani wa Kisongo, bado unanidai jibu la Akayesu. Nimekesha nalo na sioni nadharia hata moja humu inayombeba mtu aliyezuia kwa siku kadhaa kisha akaongoza. Labda dada Neema ana la kusema.